Mkanda Kwenye Buti la Sholpan

Jumatano, saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, Raushan, mwenye karakana ya ushonaji, alifungua kabati la vioo akakuta mkanda haupo.

"Nani kautoa mkanda wa mama?"

Cherehani zikanyamaza moja moja.

Mkanda ulikuwa wa fedha, ule aliouvaa mama yake, bibi Ulbala, siku ya harusi yake. Bibi anaishi ng'ambo ya ua, miguu inamsumbua, hatoki. Aliuazimisha karakana ili mafundi wafuatishe nakshi zake kwenye makoti ya maharusi. Jana saa kumi na moja jioni watu wote waliuona. Ufunguo wa kabati unaning'inia msumarini, kila mkono unaufikia.

"Afande," Raushan akamwita Kenjebek, "si ulikuwa polisi wewe? Haya, fanya kazi yako."

"Kazi yangu sasa hivi ni vifungo, dada."

"Na hivyo vifungo vyenyewe unavishona kama unafunga mbuzi. Acha, uje huku."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Kenjebek alikuwa polisi hapa hapa mjini Taraz miaka kumi na moja, mpaka wakapunguzwa. Sasa anakula posho ya wasio na kazi, na ofisi ya ajira imemleta hapa miezi mitatu ajifunze kazi akiwa kazini. Waliletwa wawili, yeye na Sholpan, mama wa watoto watatu, asiye na mume, aliyeachishwa kazi kiwanda cha sukari. Masharti ya ofisi hayana mjadala: ukifukuzwa mafunzoni kwa kosa lako, posho inakatwa. Mafunzo yanaisha Ijumaa, na Raushan alishasema mmoja wao atabaki kama fundi wa kudumu. Kila mtu alijua ni Sholpan. Ungeona vifungo vya Kenjebek ungejua na wewe.

Kenjebek akaanza na mzee Tursun, mwasha jiko, kwa sababu ana ufunguo wa mlango mkubwa.

"Mzee, leo umeingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Ulitaka mshone mnatetemeka?"

"Na hicho kinachogonga kwenye koti lako ni nini?"

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatoa chupa ya vodka, nusu. "Dawa ya mgongo."

"Mgongo unakunywa?" akauliza mtu nyuma. Basi mzee akaachwa.

"Dada Sholpan, jana ulitoka wa mwisho?"

"Hapana, nilimwacha dada Gauhar anatafuta glavu zake."

Gauhar ndiye mkataji wa vitambaa, mwaka wa tisa sasa. Hakuinua hata macho mezani.

"Nilizipata, nikaenda zangu. Saa kumi na moja na nusu. Mimi nakata vitambaa, afande. Ulinzi siufanyi."

Saa nne kasoro dakika tano Gauhar akavuka ua kwenda kwa bibi kuchota maji ya chai, kama kila siku. Alirudi saa nne na dakika kumi, birika mkononi, kitambaa kipya cha buluu kichwani. Mikunjo yake ilikuwa bado imesimama, kama kimetoka sandukuni sasa hivi.

"Kwa nini msikague makabati ya nguo?" akasema huku anamimina chai. "Hayana kufuli hata moja. Anzeni na langu."

Wakaanza na lake. Saa nne na robo Raushan akaingiza mkono kwenye buti la akiba ambalo Sholpan huliacha kabatini mwake, mkono ukatoka na mkanda.

Sholpan hakulia. Alishika ukingo wa meza. "Dada Raushan, naapa kwa wanangu..."

"Usiwataje watoto!" Raushan akawa ameshatoa simu. Akapiga ofisi ya ajira. Ikaita weee, haikupokelewa. "Nitapiga tena."

"Nipe dakika kumi," Kenjebek akasema.

Akavuka ua. Nia yake ilikuwa kumwomba bibi amtulize binti yake. Lakini mtu ni mila zake, na habari njema hailetwi bure. Mlangoni akapaza sauti: "Suyinshi, bibi! Nipe zawadi, mkanda umepatikana!"

"Umechelewa, mwanangu," bibi akacheka. "Gauhar kakuwahi. Nimempa kitambaa changu cha buluu. Eti ulikuwa kwenye buti la yule mwanafunzi. Mimi hapa nilikuwa nalia, akanifuta machozi."

"Saa ngapi hiyo, bibi?"

"Redio ilikuwa ndiyo kwanza inaanza habari za saa nne."

Kenjebek akarudi mbio. Watu wote walikuwa bado wamesimama.

"Dada Gauhar, hongera kwa kitambaa. Umepewa kwa habari gani?"

Gauhar akakigusa.

"Bibi kanieleza. Saa nne kamili ulimwambia mkanda upo kwenye buti la Sholpan. Sisi tumeukuta saa nne na robo. Ulijuaje?"

"Nili... nilichungulia tu, nikauona."

"Ukauona, ukanyamaza, kisha ukatuambia tuanze na kabati lako?"

Gauhar akakaa chini, pale pale kwenye mabaki ya vitambaa.

"Mkono wangu umeanza kutetemeka," akasema. "Hamjaona? Huyu amejifunza kukata kwa miezi mitatu, na anakata vizuri kuliko mimi. Akibaki, mimi nafanya nini hapa? Jana, glavu... ilikuwa uongo. Nilikuwa nautia kwenye buti. Kwa bibi sikupanga kusema. Alikuwa analia, nikamwonea huruma."

"Bibi ulimwonea huruma," akasema Kenjebek. "Na watoto watatu wa huyu je?"

Gauhar akavua kitambaa, akakikunja.

Raushan alikuwa anamtazama Sholpan. Ndipo simu yake ikaita. Ofisi ya ajira.

"Nimeona ulinitafuta, dada," sauti ikasema. "Kuna shida na watu wetu?"

Mafundi wote wakamgeukia Raushan.

"Hakuna shida," Raushan akasema. "Niandikie Sholpan. Nabaki naye. Kuanzia leo, singoji Ijumaa."

Sholpan akaachia ukingo wa meza. Akavuta kiti, akaketi, akapumua kama mtu aliyetua gunia la viazi. Kisha akacheka, machozi yanamtoka, akaomba chai.