Gurudumu Lililoshikwa

Ngatia alikuwa dereva wa duka la vifaa vya ujenzi la Pratik, pale Karatina, na jioni ile alipewa kazi nyepesi: kupeleka mabati kwenye kanisa moja huko juu, karibu na msitu wa mlima, kabla giza halijashika. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na mvua za El Nino zilikuwa zimekatakata barabara za Nyeri. Madereva wengine walikuwa wameapa hawapandi huko mpaka jua litoke.

Pikapu ya Pratik ilipanda. Ilikuwa na difloki.

Gari la kawaida, gurudumu moja la nyuma likiingia kwenye utelezi, hilo hilo ndilo huzunguka bure, na mwenzake hukaa tu kama mgeni. Difloki huyafunga yote mawili pamoja. Likienda moja, lazima na la pili liende. Pratik alimfundisha mwenyewe, tena kwa ukali: funga ukiwa umesimama, toka polepole, na ukifika kwenye ardhi kavu na ngumu ufungue, la sivyo utavunja ekseli yangu.

Siku hiyo alikuwa na abiria mmoja. Mama mkwe wake.

Mama Murugi alikuwa ameteremka mjini kumwona mjukuu mchanga, msichana aliyepewa jina lake kama ilivyo desturi, na sasa alikuwa akirudi kwake. Ngatia alikuwa ameweka katoni ya misumari katikati ya kiti, iwatenganishe. Mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe hivi hivi. Hakumtazama usoni, naye mama hakumtazama. Mama alimwita mkwewe Baba Nyakio, kwa jina la mtoto wake mkubwa, na kwa miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kulitaja jina la Ngatia. Walizungumza habari za mahindi yaliyooza shambani tu.

Walipofika kwenye kijito, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba. Daraja lilikuwa zima, lakini mteremko wa upande wa pili ulikuwa umeporomoka, ukafunika nusu ya barabara kwa udongo mwekundu. Ngatia aliingia kwa gia ya kwanza. Pikapu ikasogea, ikasota, ikakwama.

Harufu ikaingia dirishani. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Difloki peke yake ingetosha. Ngatia alilijua hilo. Lakini mabati yalikuwa mazito, giza lilikuwa likija, na mama mkwe alikuwa ameanza kuomba chini kwa chini, jambo lililomfanya aone haya kama dereva aliyeshindwa. Alitaka kutoka pale mara moja, bila kusota mara ya pili mbele yake.

Akamwambia, macho yakiwa kwenye usukani, "Mama, ungeshuka kidogo gari ikuwe nyepesi. Uweke matawi hapo nyuma."

Mama Murugi alitazama nje. "Hapa?" alinong'ona.

"Ni kidogo tu, mama."

Akashuka. Umri wake ulikuwa umekwenda, na alishuka kwa shida, akishikilia mlango. Ngatia hakushuka kumsaidia. Alimwona kwenye kioo cha kulia, amesimama kando ya gari na matawi ya mkaratusi mikononi, kilemba chake kimelowa.

Akafunga difloki. Taa yake ndogo ikawaka. Akaachia klachi polepole, kama alivyofundishwa.

Injini ikaguna. Gari halikwenda.

Si kwamba lilisota. Hilo lingekuwa jambo la kawaida. Kwenye matope laini kama uji, magurudumu yaliyofungwa pamoja yangezunguka angalau, yatupe matope nyuma. Haya hayakuzunguka. Yote mawili yalisimama kimya, na injini ikaanza kufa...

Kana kwamba kuna aliyelishika moja.

Ngatia alitazama kioo cha kushoto. Mwanga mwekundu wa taa ya nyuma ulikuwa umeangukia tairi. Juu ya tairi palikuwa na kiganja.

Kisha cha pili.

Mikono ilikuwa imetoka kwenye matope mpaka kwenye viwiko, na ilikuwa imelikumbatia gurudumu kama mtu anavyokumbatia nguzo asichukuliwe na maji.

Akageuza macho kwenye kioo cha kulia. Mama Murugi alikuwa bado amesimama pale na matawi yake. Mikono ile haikuwa yake.

Akakanyaga akseleta hadi chini.

Lilipoenda gurudumu moja, likaenda na la pili. Kitu kikakatika chini ya gari, mkatiko kama wa kijiti kibichi, kisha pikapu ikaruka mbele, ikapanda mteremko ikiyumba, mabati yakipiga kelele. Vioo vyote viwili vilikuwa vimejaa matope. Hakuona kitu.

Lakini alisikia.

"Ngatia..."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake. Haikupiga kelele. Iliita tu.

Ngatia hakusimama. Alijiambia kwamba mama mkwe hawezi kumwita kwa jina, kwa hiyo huyo si yeye, na mtu mwenye akili haitikii sauti ya namna hiyo jioni. Alijua ni uongo huku akiendelea kuutunga. Tairi zilianza kulia kwenye kona zenye changarawe kwa sababu difloki ilikuwa bado imefungwa, naye hakuifungua.

Juu kabisa, kwenye maduka yaliyofungwa, alisimamisha gari. Kiti cha pembeni kilikuwa bado na joto. Akageuza pikapu, akawasha taa zote, akautazama mteremko... akazima injini. Akakaa hivyo. Mara nyingi alishika ufunguo, na kila mara aliuachia. Barabara ya kwenda kwa mama Murugi ilikuwa ni hiyo moja tu, na mtu yeyote aliyepanda kutoka kijitoni angepita mbele ya taa zake.

Hakupita mtu.

Mwishowe alikwenda kwa shemeji yake, Wamae, ambaye boma lake ni lile lile la mama, ili aseme alichofanya. Alikuwa ameyapanga maneno. Alipoinamisha kichwa kuingia jikoni, mama Murugi alikuwa ameketi karibu na moto.

Viatu vyake vya raba vilikuwa vikavu. Kilemba kilikuwa kimefungwa vizuri, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Alimtazama Ngatia machoni, moja kwa moja, kama mtu anayemtazama mtoto wake. Ni Ngatia aliyeinamisha uso.

"Umechelewa," alisema. "Mimi nilipata wa kunishika mkono."

Wamae alicheka, akidhani ni utani wa dereva na abiria. Alisema mama amefika kitambo, ameingia kimya, amekataa chai. Ngatia akayameza yale maneno aliyoyapanga. Angeyasemaje, na mwenyewe ameketi pale? Akasema tu kwamba alipitia kanisani kwanza kushusha mabati. Mabati yalikuwa bado garini.

Usiku huo alilala kwa Wamae. Wakati wa kumwonyesha pa kulala, Wamae alimweleza kwa sauti ya chini kuhusu Nyaguthii, mwanamke mzee wa ng'ambo ya kijito. Mvua zilipoanza, alitoka sokoni jioni, mteremko ukamfunika. Watu walimsikia akiita. Kila mmoja alidhani jirani atatoka, na wengine walisema hiyo si sauti ya mtu. Asubuhi walichimba, hawakumpata. Sasa wazee wanasema bado anatafuta wa kumfikisha nyumbani, nyumba yoyote.

"Natumaini hamkusimama hapo," Wamae alisema.

"Hatukusimama," akajibu Ngatia.

Kesho yake mjini, Hezekiah, fundi wa gereji iliyokuwa nyuma ya duka, aliingia chini ya pikapu kutazama ekseli. Alitoka na kitu kilichokuwa kimejisokota humo: nywele, konzi nzima, nyeupe kwa mvi, na kipande cha ngozi bado kimeshika. Alimuuliza Ngatia kama aligonga mbuzi. Ngatia alisema ndiyo, mbuzi. Hezekiah alimtazama kidogo, akaenda kunawa mikono.

Miezi ikapita, barabara zikakauka. Mama Murugi akaja kukaa nao Karatina, asaidie kulea. Hakuwahi kuutaja ule mteremko. Hakuwahi kumlaumu Ngatia kwa lolote. Alimbeba yule mtoto mchanga mwenye jina lake kutwa nzima, akimnong'oneza, na mtoto alikuwa ameacha kulia kabisa.

Jioni moja Kabura, mke wa Ngatia, alimfuata nje alikokuwa akiosha gari.

"Mama hataki nimwoshe kichwa," alisema. "Hata kulala, analala na kilemba. Nimejaribu kumfungua akiwa usingizini, akanishika mkono. Ako na nguvu, Ngatia. Ati unajua kama kuna kitu ilifanyika huko njiani?"

Ngatia alizikumbuka zile nywele za kwenye ekseli, na maneno yakafika mpaka kwenye meno. Ili amwambie yule ni nani, ilimpasa kwanza amwambie nani aliachwa, na nani aliyemwacha.

"Ni uzee tu," alisema.

Kabura aliitikia kwa kichwa, taratibu. Aliamini, au alitaka kuamini. Kisha akarudi ndani. Ngatia akabaki na kitambaa mkononi, akamsikia mkewe akisema kwa upole, "Basi kaa na mtoto, mama, mimi nifike sokoni," na mlango ukafungwa.