Maziwa ya Fundi Wakoli

Kila jioni, shule ikifungwa, Emmy alishika njia ile ile: kwanza kibanda cha Mama Nyaguthii kununua pakiti moja ya maziwa, kisha karakana ya baba yake, nyuma ya soko la Kitale. Maziwa hayo hayakuwa ya chai. Yalikuwa dawa.

"Ya kuosha kifua," baba yake, fundi Wakoli, alikuwa amemwambia. Kazi yake ilikuwa kusaga na kung'arisha reli za ngazi, zile za chuma cheupe kisichoshika kutu. Akizima mashine, vumbi la kijivu huwa limemjaa hadi kwenye kope. Hapo hushusha kitambaa cha mdomoni, akanywa pakiti nzima bila kupumua, akapangusa mdomo. "Vumbi lote limeshuka tumboni. Kwisha!"

Emmy alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama na ndugu zake wanne walibaki Misikhu, katika nyumba ambayo kiti hakikukaa wazi hata dakika moja. Hapa Kitale walikuwa wawili tu, na baba alirudi amechoka hata kuongea. Alfajiri Emmy alisikiliza sauti moja, kikohozi cha baba nyuma ya pazia, mpaka kukuche.

"Usimwambie mama yako," baba alimwonya. "Atanirudisha nyumbani, na shule yako je?"

Basi kila Jumapili mama alipopiga simu ya baba, Emmy alisema, "Tuko salama." Simu ikikatika, alibaki ameishika mkononi, kama bado kuna mtu ndani.

"Kwani nyinyi maziwa kila siku na majani ya chai hamnunui?" Mama Nyaguthii alimwuliza siku moja. Habari za mtaa mzima zilipita dirishani pake.

"Ni ya baba."

"Ai! Mzee mzima bado ananyonya?"

Wateja wakaangua kicheko. Emmy alicheka nao, kwa mdomo tu.

Jumanne moja mwalimu Wachira alitundika ubaoni picha ya mwili wa binadamu. "Kooni njia ni mbili," alisema. "Hii ya chakula na maji. Hii ya hewa."

Emmy akanyoosha mkono. "Mwalimu, maziwa yanaweza kufika kwenye mapafu yakaosha vumbi?"

"Labda unywe ukiwa umesimama kwa kichwa, bana!" Ian alidakia kutoka nyuma. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Hapana, Emmy. Maziwa huenda tumboni. Mapafu hayajawahi kuyaonja."

Jioni hiyo Emmy alipita kibandani bila kusimama.

"Maziwa yangu yako wapi?" baba aliuliza.

"Mwalimu amesema hayafiki mapafuni," Emmy alisema, akachora kwa kidole kwenye vumbi la meza ya kazi: mfereji mmoja wa tumbo, mwingine wa mapafu. Baba akacheka, kisha akakohoa mpaka akashika meza. "Ati mwalimu anajua kuliko mafundi? Mzee Wepukhulu wa Malakisi, aliyenifundisha kazi hii, alikunywa maziwa miaka yote."

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimzika."

"Aliugua nini, baba?"

Baba aliutazama ule mchoro. "Kifua," alijibu polepole. Kisha akaufuta kwa kiganja. "Nenda nyumbani. Haya si mambo ya watoto." Akawasha mashine.

Emmy alisimama barabarani akisikiliza mngurumo ule. Baba akizidiwa, nani mwingine angejua? Alirudi kwa Mama Nyaguthii, akaomba simu.

"Mama," alisema, "hatuko salama."

Kesho yake asubuhi mama alifika na kikapu cha ndizi na maneno tele. "Baba Emmy, ulitaka nije kukutazama au kukuzika?" Walikwenda hospitalini wote watatu.

Daktari Jerono alimpima kifua na kumpiga picha. "Umewahi," alisema. "Mapafu yamedhurika kiasi, lakini yanaweza kupata nafuu ukiyalinda. Watu hudhani chuma kisichoshika kutu hakina madhara. Kumbe ndani yake kuna metali nyingine, kama kromiamu na nikeli. Vumbi lake laini hufika ndani kabisa ya mapafu. Likikaa huko, unyevu wa mwili hulimumunya kidogo kidogo, na metali hizo hutoka. Maziwa hayafiki huko. Kitambaa cha mdomoni nacho hakitoshi. Vaa barakoa ya kichujio, fanyia kazi mahali penye hewa, na usifagie vumbi likiwa kavu."

Kisha akamgeukia Emmy. "Mtu akikuambia ufiche ugonjwa wake, usifiche, hata awe mzazi wako. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia. Umefanya vizuri."

Baba aliinamisha kichwa. "Mwanangu, nilikubebesha mzigo wangu. Haikuwa haki."

Mama alikaa wiki mbili, na mashine ikahamishiwa uani. Kibandani Emmy aliagiza maziwa na majani ya chai. "Leo wageni!" Mama Nyaguthii alipiga kelele. Kisha mama akarudi Misikhu, nyumba ikanyamaza tena.

Jumapili simu ililia. "Mko salama?" mama aliuliza.

Emmy alimtazama baba, mashavuni bado ana alama za barakoa. Akampa simu.

"Mwambie mwenyewe."

Baba akakohoa kidogo. "Umesikia hicho kikohozi, Mama Emmy?" alisema. "Leo ni cha pili. Mwezi uliopita nisingeweza kuvihesabu."

Halafu akasogea kwenye benchi, Emmy apate mahali pa kukaa.