Sauti Inayopanda na Kushuka

Kila jioni Msaga Unga alirudi nyumbani mweupe pepepe, kama mtu aliyetoka ndani ya wingu. Mngurumo wa mashine bado ulikuwa kichwani mwake. Kwa sababu ya mngurumo huo alizoea kusema kila neno kwa sauti moja, nzito, iliyonyooka.

Jioni moja binti yake, mshonaji, aliingia baada yake.

"Leo umechelewa," baba alisema.

Alikuwa anauliza. Binti alisikia lawama.

"Nimekosa, Baba," akajibu, akajifungia chumbani.

Kesho yake akafunga mizigo. "Nahamia kwa shangazi," alimwambia mama yake. "Baba hanitaki. Kila siku ananisema."

Baba alipopata habari, alitoka mbio. Akaenda kwa jirani, mama fundi redio. Mtaani walimwita Mama Mawimbi.

"Jirani, nilimuuliza swali tu, sasa anahama!"

"Ulimuulizaje?"

"Leo umechelewa."

Mama Mawimbi akacheka. "Hilo ni swali au hukumu?"

Akawasha redio. Kimya.

"Kituo kinarusha wimbi tupu," alisema. "Linapita ukutani, linapita kifuani mwako, wala halisemi kitu."

Ghafla mtangazaji akaanza kuongea.

"Umesikia?" akauliza Mama Mawimbi. "Sauti yake imelibadilisha wimbi, sasa limebeba maneno. Wataalamu wanaita modulesheni. Na kwaya je? Mwishoni huhamia ufunguo wa juu, sauti zote zikapanda pamoja. Wimbo uleule, lakini moyo unanyanyuka. Nasi tukiongea ni hivyo hivyo. Umekula. Umekula? Maneno hayajabadilika. Sauti imepanda. Hicho ni kiimbo."

Msaga Unga akafumba macho. Akaona chumba kimejaa mawimbi, yanapita polepole juu ya meza, juu ya waya, juu ya mikono yake.

"Umekula?" alijaribu.

"Jogoo mwenye mafua! Hebu tena."

Akarudia mpaka koo likalainika.

Nyumbani alimkuta binti mlangoni, sanduku mkononi.

"Mwanangu," alisema. "Umechoka?"

Sauti ilipanda, ikatetemeka mwishoni. Binti akamtazama.

"Unaniuliza, Baba?"

"Nakuuliza. Siku zote nilikuwa nakuuliza."

Binti akaweka sanduku chini.

"Nimechoka sana, Baba. Cherehani inakata uzi, na wateja hawaelewi."

"Inakata uzi? Tangu lini?"

Mama akawasogezea viti. Wakaketi. Baba akauliza hili, akauliza lile, na binti akamweleza yote.