Neno la Mlangoni

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaosoma huku jicho moja likiwa kwenye simu, nipeni masikio yenu yote. Ninayoyasimulia yametokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa imetulia. Mke wangu, ambaye mapafu yake yamechoka, alikuwa ameketi karibu na dirisha, mpira mwembamba ukiwa puani, akichambua vifungo vya mjukuu wetu fundi cherehani: vyeupe huku, vyeusi kule. Pembeni yake mashine ya oksijeni ilikuwa ikinguruma taratibu. Mashine hiyo haijui kupumzika, na bila umeme haifanyi kazi. Kwa sababu hiyo tulikuwa tumeweka betri kubwa pamoja na inveta yake, kifaa cha kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, katika kabati la ukumbini, na chini ya kitanda tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni. Muuguzi alituonya kwamba mtungi ule ni wa kutuvusha kwa muda mfupi tu.

Nyumba yetu ina desturi ya tangu zamani. Mtu akibisha hodi na kudai ametumwa na mmoja wetu, sharti ataje neno la mlangoni. Neno lenyewe lilikuwa “Kifuniko”. Ndivyo tulivyomwita mwanangu utotoni, kwa maana alikuwa haendi popote bila kifuniko cha sufuria kichwani, hata msalani. Jina hilo halikuwahi kuvuka kizingiti chetu.

Mwanangu huyo sasa ni karani wa ghala, mtu mzima mwenye ndevu zake. Ni mchapakazi, naye anampenda mama yake, hilo simnyimi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kunywa hata chai bila kuitangaza mtandaoni kwanza. Siku mama yake alipotimiza mwaka mwingine, alimpiga picha akiwa na mashine yake, kabati likiwa wazi nyuma yake na betri ikionekana yote. Chini ya picha akaandika habari za ugonjwa, akaandika kwamba kila Jumatano baba huenda kliniki kuchukua dawa, kisha, ili kuwachekesha watu, akasimulia kisa cha kifuniko na jinsi kilivyogeuka kuwa ufunguo wa mlango wetu.

Mjukuu wangu alipoiona picha ile alikunja uso.

“Baba, umewaonyesha watu betri ya bibi. Na neno la mlangoni pia!”

“Ah, wewe nawe! Hao ni marafiki zangu.”

“Marafiki elfu mbili? Ukiwaalika chai watakuja wangapi?”

“Waje wote. Utawapikia wewe!” Akacheka, akaendelea kuhesabu walioisifu picha yake.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kliniki kama kawaida. Nilipokuwa huko, mtu aliyevaa ovaroli safi alibisha hodi kwangu.

“Shikamoo, mama. Mimi ni fundi wa betri. Nimetumwa na Kifuniko.”

Mke wangu alicheka, akamfungulia. Angemshuku vipi? Alikuwa na neno, na alikuwa na adabu. Hata hali yake ya kupumua alimwuliza. Akaichomeka mashine moja kwa moja ukutani, akafungua betri na inveta, akavipakia kwenye mkokoteni wake. “Kesho vinarudi, mama, vikiwa kama vipya.” Kwa kuwa umeme ulikuwepo, mashine iliendelea kunguruma, na mke wangu akarudia vifungo vyake.

Nilirudi na dawa karibu wakati mmoja na mjukuu wangu, aliyekuja kula chakula cha mchana, futi ya kupimia ikining’inia shingoni. Aliona kabati tupu. Bibi yake alipomweleza, hakupiga kelele. Alimpigia baba yake, tukasikiliza sote.

“Baba, umetuma fundi wa betri?”

“Fundi gani? Sijatuma mtu.”

“Amesema katumwa na Kifuniko.”

Tukamsikia akisema kwa sauti ndogo, “Mungu wangu.”

“Baba, nisikilize. Leo ndiyo ile siku ambayo shirika la umeme lilitangaza kukata umeme, alasiri hadi usiku. Tunahitaji jenereta sasa hivi.”

“Naandika mtandaoni sasa hivi. Watu watajitokeza!”

Mjukuu wangu alikata simu. “Babu, kaa na bibi. Mimi naenda kwa jirani yetu mchomelea vyuma. Ana jenereta.”

“Usiende kunidhalilisha kwa watu,” mke wangu akasema.

“Bibi, wewe maliza vifungo. Nikirudi nataka nivikute tayari.” Akatoka mbio.

Umeme haukungoja alasiri. Mashine ililia mlio mkali, ikanyamaza. Niliuvuta mtungi kutoka chini ya kitanda, nikaunganisha mpira na kufungua kama nilivyofundishwa na muuguzi. Hewa ikaja. Nikaketi nikiutazama mshale wa kipimo ukishuka kuelekea rangi nyekundu.

“Mbona umekaa kama mwanafunzi aliyesahau hesabu?” mke wangu aliniuliza, akivuta pumzi baada ya kila neno.

“Nyamaza. Usipoteze hewa.”

“Tangu unioe unataka ninyamaze.”

Nilitaka kucheka nikashindwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka, na mshale ulikuwa tayari kwenye wekundu, niliposikia magurudumu uani. Mchomelea vyuma alikuwa akivuta mkokoteni, mjukuu wangu akiusukuma kwa nyuma, jasho likimtiririka.

“Geti la watu linanisubiri,” yule bwana alisema akihema, “basi na lisubiri!” Akataka kuliweka jenereta barazani, chini ya dirisha.

“Hapana, mjomba! Moshi utaingia ndani. Bibi atavuta nini?”

“Waya wangu haufiki mbali, binti.”

Mjukuu wangu akafungua mkoba, akatoa waya mrefu wa kurefushia umeme, ule wa cherehani zake. Alikuwa amepitia dukani kuuchukua. Jenereta likawekwa mwisho wa ua, na mashine ikanguruma tena. Mke wangu alifumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Hapo ndipo mwanangu alipoingia mbio, simu mkononi. “Mama! Watu mia tatu wanakuombea!”

Nilizitazama zile salamu. Nyuso za kulia, mikono iliyoshikana, na mmoja akiuliza betri ilikuwa ya aina gani.

“Washukuru,” mama yake akamwambia. “Nani kati yao ameleta waya?”

Mwanangu aliketi sakafuni miguuni pa mama yake. Aliifuta picha, lakini ilikwisha kusambaa, na hakuna kifutio kinachofika huko. Polisi walichukua maelezo. Betri haijaonekana hadi leo. Aliyoinunua mwanangu badala yake aliitolea jasho kwa zamu za ziada ghalani, na haina picha popote.

FUNZO

Ndugu zangu, sikuandika haya ili mzitupe simu. Nimeyaandika ili mjue kwamba mwizi wa siku hizi havunji mlango. Hungoja tumpe ufunguo kwa mikono yetu, huku tukichekelea. Ugonjwa wa mama yako, ratiba ya baba yako na vitu vilivyomo kabatini mwako si bidhaa za kuwafurahisha wapita njia. Mtu akija na kusema ametumwa, mpigie aliyemtuma kwa namba unayoijua wewe, hata kama ametaja kila neno.

Na mwenye mgonjwa anayeishi kwa umeme asitegemee kitu kimoja. Mjue jirani yako mwenye jenereta kabla giza halijakujulisha kwake. Liweke jenereta mbali na madirisha. Kagua mtungi wako, na ujaribu betri yako siku umeme upo. Maandalizi hayapigiwi makofi, na hayahitaji makofi.

Nyumba yetu ina neno jipya. Mjukuu wangu ndiye aliyelichagua, akatunong’oneza mmoja mmoja sikioni, baba yake akiwa wa mwisho. Ni neno zuri sana. Nanyi wasomaji wangu, pamoja na heshima zote nilizo nazo kwenu, hamtalisikia.