Mawe Kwenye Maboksi ya Dawa

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, muuguzi wa zahanati, Serafina, alichana boksi la kwanza la vidonge vya kutibu maji mbele ya foleni ya akina mama wenye ndoo, akatoa jiwe. Akachana la pili, mawe. Maboksi yote kumi na mawili yalikuwa mawe matupu, yamefungiwa magazeti yasigongane. Kipindupindu kilikuwa kimefikisha siku ya tisa hapo Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu.

Koplo Jenifa alifika saa tatu kasoro robo. Kwao ni Chato, ziwani, na jiwe kwake ni jiwe tu. Alikuta mlango wa stoo mzima, kufuli halina hata mkwaruzo, na ufunguo ni mmoja, ule anaouvaa mlinzi, mzee Bujiku, shingoni pamoja na rozari yake. Sasa mwizi kapitia wapi? Umati ulikuwa na jibu tayari, ni Bujiku, na vijana wawili walishaulizia kiberiti wamchome. Clemens, mwenyekiti wa kamati ya afya na mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule mlimani, ndiye aliyewatuliza. Jenifa akapiga simu Geita, akaambiwa gari litakuja saa kumi alasiri kumchukua mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Bujiku alimwita mama, kwa Kisukuma. Alieleza kwamba Jumamosi saa kumi na moja jioni Clemens alileta maboksi kwa pikapu yake, Serafina akayahesabu, yeye akafunga. Mlango haukufunguliwa tena mpaka leo. "Mke wangu naye anaharisha, yuko humo wodini. Mimi nimwibie dawa mke wangu?"

Jenifa aliandika siku na saa kwenye daftari lake.

Akaenda dukani kwa Pantaleo, maana akina mama wa foleni walimwambia huko ndiko vidonge vilikokuwa vikiuzwa. Jamani, bei! Pakti ya shilingi mia tatu sasa elfu mbili. Sukari imepaa, chumvi imepaa, na hivyo ndivyo vitu ambavyo kila mama anavitafuta amkorogee mwanaye maji ya kunywa. Pantaleo alisingizia daraja lililofunikwa na mafuriko. Vidonge, akasema, alivinunua mnadani Kagongwa kwa mtu asiyemjua.

Jenifa akageuza pakti. Mgongoni mtu alikuwa amekwangua maandishi kwa msumari, lakini kwenye moja msumari ulipita haraka, na neno "haiuzwi" likabaki. Akadhani amemaliza kesi. Akamuuliza mke wa Pantaleo, Elieth, wameanza kuuza lini.

"Jumamosi asubuhi, afande."

Wateja watatu wakasema hivyo hivyo. Kichwa cha Jenifa kikavurugika kabisa. Dawa iliyoibiwa imeuzwaje asubuhi, na imefungiwa stoo jioni ya siku hiyo hiyo? Alirudi zahanati akihesabu saa kwa vidole, mbele na nyuma, hazikukaa sawa. Ilikuwa saa saba na nusu.

Uani alimkuta Agnetha, mama mponda mawe, akitwanga. Alikuwa ameomba yale mawe ya kwenye maboksi. Nyarugusu ndivyo ilivyo. Wenye maduara hutupa magwangala, mabaki waliyoyaona hayana kitu, na akina mama huyaokota wakayaponda upya. Jenifa alitaka kumgombeza kwa kuharibu ushahidi, mara akainama akaokota kipande. Magwangala. Hayo hayapatikani kwenye stoo ya dawa ya Geita, mzigo ulikotoka. Na kama dawa iliuzwa kabla ya kufungiwa, basi kufuli halikuhusika hata kidogo. Mawe yaliingia mlangoni mchana kweupe, yakahesabiwa, yakafungiwa kwa heshima zote.

Serafina akakumbuka kwamba Clemens alitoka na mzigo Geita Ijumaa, akasema daraja limemzuia akalala njiani. Jenifa akamfuata. Clemens aliruka kimanga kwa upole. Yeye alipokea maboksi yamefungwa, amekabidhi yamefungwa. Waulizwe waliompa. Na kweli, ushahidi uko wapi? Jenifa akarudi uani mikono mitupu. Saa tisa na nusu.

"Afande, njoo uone," Agnetha akamwita. Ndani ya karai la kuoshea mawe yaliyopondwa, chini kwenye tope, kulikuwa na mstari wa njano.

Habari za dhahabu Nyarugusu hazihitaji tarumbeta. Ndani ya dakika kumi uani palijaa. Kwa desturi yao, jiwe lililotoa dhahabu lazima lijulikane la duara gani, maana mwenye duara ana fungu lake. Evance, jirani wa Clemens mlimani, alishika pande la jiwe lililobaki, akalilowesha mate, akatangaza kuwa ni la kwake. Jenifa alitaka kuwanyamazisha, kisha akawaacha wagombane.

"Lako wapi?" Clemens alipenya katikati ya watu. "Huo mshipa mwekundu kwenye jiwe jeusi unao wewe? Hilo ni la duara langu, mita kumi na saba chini. Nimelitoa kwa mkono wangu!"

Watu wote wakamgeukia. Hata mchi wa Agnetha ulisimama.

"Nimekusikia, mwenyekiti," Jenifa akasema. "Kwenye boksi la dawa liliingiaje?"

Clemens alitazama jiwe, akatazama watu. Akakaa chini pale pale. Akayasema yote. Duara lake lilijaa maji ya mvua, mwamba wenye dhahabu umebaki mita tatu kuufikia, na hela ya kukodi pampu ya kunyonya maji hana. Ijumaa alilala kwake, si njiani, akabadilisha dawa kwa mawe. Pantaleo alichukua vidonge akijua, akaambiwa aseme Kagongwa. Vilivyobaki viko kwenye kibanda cha duara, chini ya turubai. Na pale asubuhi, umati ulipomdai Bujiku, alimwonea huruma, lakini hakusema.

Gari lilifika saa kumi na dakika tano, likawachukua Clemens na Pantaleo. Vidonge vilikuwa vimeshaletwa, foleni imeanza upya, na Bujiku alikuwa wa kwanza na ndoo ya mkewe. Wale waliotaka kiberiti walimwamkia. Aliitikia, ila hakuwatazama.

Clemens, mguu mmoja ukiwa garini, aligeuka. "Mama Agnetha. Imetoka kiasi gani?"

Agnetha alitikisa karai taratibu, akachungulia.

"Ya kukodi pampu," akasema, "ingetosha."