Fundi Aliyekatazwa Kutembea

Tangu aanze kutibiwa saratani ya titi, fundi cherehani alikuwa mtu wa kitandani. Si kwamba miguu ilimgomea. Alikatazwa.

Aliyemkataza ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyehamia pale kumuuguza.

"Ukitembea damu inakwenda mbio," alisema wifi. "Damu ikienda mbio, uvimbe unasambaa. Tulia, wifi yangu."

Hata mkanda wa cherehani aliuchomoa akauficha, fundi asije akakanyaga pedeli kwa siri. Alimpenda kweli, na tabu yote ilianzia hapo.

Mumewe, mchomelea vyuma, alikubali kila neno. Akirudi kutoka kazini alisimama mlangoni mwa chumba.

"Umeshindaje?"

"Salama."

Kisha alikwenda sebuleni kwa dada yake. Fundi aliwasikia wakicheka, halafu wakikumbuka kuna mgonjwa, wakanyamaza. Ukimya ule ulimuuma. Alikuwa mpweke ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kila siku alizidi kulegea. Kwenda msalani tu alihema. Mwishowe akamwambia wifi, "Dripu ijayo ya dawa siendi. Nimechoka. Niacheni."

Wifi alikwenda mbio kwa jirani, muuguzi wa kliniki ya saratani. Muuguzi akaja, akaketi kitandani kando ya fundi. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kuketi pale.

"Unatembea?"

"Tumemkataza," alijibu wifi. "Uvimbe usisambae."

"Nani kakwambia hivyo, dada?"

Wifi aliangalia dirishani. "Watu."

"Hao watu wana kazi ya kutia wenzao hofu. Kutembea hakusambazi saratani. Kulala kutwa ndiko kunakommaliza nguvu. Mazoezi yanayoharakisha pumzi kidogo hupunguza uchovu wa dawa."

"Yanaua uvimbe?" fundi aliuliza.

"Sitakudanganya. Kwa baadhi ya panya wa maabara waliokimbia, uvimbe ulikua polepole. Kwa binadamu, watafiti bado wanachunguza. Kwa hiyo dawa huachi. Na kwanza tumuulize daktari wako."

Daktari aliruhusu. Muuguzi akamwelekeza fundi aanze kidogo kidogo, kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Akipata homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache, aende hospitali.

"Kuimba siwezi hata nikiwa nimeketi," fundi alisema. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kuutoa mkanda mafichoni.

Mume ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza jioni. Mwanzo waliishia kwenye kona ya mtaa. Baadaye walifika sokoni na kurudi. Uchovu haukuisha, lakini ulipungua, na fundi hakukosa dripu. Vipimo vilionyesha uvimbe umepungua. Daktari alisema dawa zinafanya kazi, na kutembea kunampa fundi nguvu ya kuzimaliza.

Jioni ile ya majibu, fundi alimuuliza mumewe njiani, "Mbona chumbani kwetu huingii?"

Mume aliinamisha kichwa. "Naogopa. Nikikuona umelala vile, naona kama nakuaga."

"Na mimi nililala pale nikidhani mmeshaniaga."

Mume alilia palepale barabarani, watu wakipita. Fundi hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono mpaka alipomaliza.

Walipofika nyumbani, mume aliuchukua mto wake kwenye kochi la sebuleni alikokuwa akilala, akaurudisha kitandani kwao.