Muratina ya Wangui

Ijumaa, saa kumi jioni. Karatina, chumba cha nyuma cha kinyozi.

Dedan alipanga vifuniko vya soda mezani. Hiki hema. Hiki jikoni. Hiki stoo.

"Bustani iko Tetu," alisema. "Mwenyewe ni mzee wa kanisa. Hauzi pombe. Lakini ukijiletea yako hakatazi, bora asiione. Kwa hivyo Kahiga, bwana harusi, amejiletea. Bia, wiski, waini ya wamama. Yote iko kwa stoo."

"Na makarao?" Mbuvi aliuliza. Mbuvi ndiye dereva. Mkamba wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anayalipia.

"Ndugu ya bibi harusi ni karao. Anaitwa Ben. Atakuja na polisi wenzake wa chuo cha Kiganjo. Watakuwa kwa hema na suti."

"Dedan. Unataka kuibia makarao."

"Naibia watu wa kanisa. Sikiza. Pasta akiwa hapo, hakuna mtu atasongea hiyo stoo. Nani anataka kuonekana akihesabu kreti na pasta anaomba? Mpaka pasta akule, abariki, aende, hiyo stoo ni yetu. Nekoye atafungua."

Nekoye alitikisa kichwa kukubali. Kahiga alikuwa amekodi wapishi wa mjini, naye alikuwa mmoja wao. Mpango ulikuwa safi, na moyo wake ukajaa fahari kwa huyu mwanamume. Fahari yenyewe haikudumu.

"Kuna mitungi mbili za manjano," Dedan aliendelea. "Muratina. Hizo mnapakia kwanza."

"Ya nini?" Mbuvi alikunja uso. "Mtu wetu wa baa anataka bia."

"Nimesema kwanza." Dedan alivuta shati lake chini kufunika bastola kiunoni.

Nekoye alikuwa ameishi Nyeri miaka ya kutosha kujua muratina ile ni ya nini. Ni pombe ya asali, ya wazee, na bwana harusi ndiye huileta. Baba humpa binti yake pembe iliyojaa, mbele ya watu wote, na kumuuliza: tunywe? Akisema kunyweni, ameolewa. Pasipo muratina hapana swali, na pasipo swali hapana ndoa, hata kama mchungaji amepiga magoti mpaka suruali ikatoboka. Kahiga angerudishwa nyumbani kupika nyingine, na muratina haipikwi kwa siku moja.

Dedan aliutaka muda huo, amrudie bibi harusi. Bibi harusi aliitwa Wangui, na zamani alikuwa mpenzi wake.

Wangui huyo! Mwaka mzima Dedan akiwa jela, nani alisimama getini na ugali na kuku kwenye sufuria? Nekoye. Nani alimtumia sabuni? Nekoye. Wangui hakutuma hata salamu. Alijipatia Kahiga, mwenye duka la mbao, akavishwa pete. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi Dedan alikuwa akikohoa mbele yake usiku na mchana, naye Nekoye akimsaidia wizi wake kama mtu anayemuuguza mgonjwa wa mtu mwingine. Wivu ulimpanda Nekoye mpaka masikio yakamwasha.

Jumamosi, saa tano asubuhi. Tetu.

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa shangazi yake Kahiga. Lakini shangazi alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, na alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwani cha sare. Aliushika ule ufunguo kwa vidole viwili.

"Kaa nayo wewe, mami," alimwambia Nekoye. "Mimi sijui iko na nini huko ndani."

Nekoye aliingia stoo peke yake. Aliiburuta mitungi miwili ya muratina hadi jikoni, akaificha nyuma ya magunia ya kabichi. Kisha akachukua mitungi mingine miwili mitupu ya manjano, akaijaza maji ya tangi, akaikaza vifuniko na kuiweka palepale ilipokuwa ile ya kwanza.

"Aolewe," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Aolewe leo, aende zake."

Bia waibe. Wiski waibe. Dedan apate pesa yake. Lakini swali lile liulizwe leo, na Wangui ajibu, na Dedan abaki bila mtu wa kumwota.

Saa saba mchana.

Mchungaji alikuwa amefika kwenye maombi ya kuombea watoto ambao hawajazaliwa. Pikapu iliingia kwa lango la nyuma, imepakia mifuko ya barafu. Dedan na Mbuvi walishuka. Nekoye alifungua stoo. Mitungi ya manjano ilipanda kwanza, kisha kreti, kisha maboksi ya wiski.

Wakiwa nusu ya kazi, mtu mrefu mwenye suti ya bluu akatokea kwenye kona ya jikoni. Ben mwenyewe. Mkono wa Dedan uliteremka kiunoni.

"Nyinyi ni nani?"

"Watu wa barafu," Dedan alijibu, kofia machoni.

Ben alitazama kreti iliyokuwa mikononi mwa Mbuvi. Akatazama hemani. Akashusha sauti.

"Mnapeleka kwa baridi?"

"Ndio, bosi."

"Sasa mbona mnagongesha chupa hivyo? Ati pasta asikie? Wekeni magunia katikati. Na mtokee huku nyuma, msipite mbele ya hema."

Akawafungulia lango yeye mwenyewe, akakaa hapo mpaka pikapu ikatoka. Walinzi wengine hawalipwi, hujitolea.

Saa nane na nusu. Kiganjo.

Walizungukia Kiganjo kwa sababu Mbuvi alisema karao hamtafuti mwizi mlangoni kwake. Waliegesha nyuma ya posho mili ya kusagia mahindi. Dedan alishuka, akapanda nyuma, akafungua mtungi.

"Unafanya nini?" Mbuvi aliuliza. "Tuendelee!"

"Nataka kuonja ya Kahiga. Nataka nijue alikuwa anampea nini."

Alijimiminia kwenye kifuniko, akanywa. Akatema. Akafungua mtungi wa pili, akaupiga teke ukapinduka, na maji yakatiririka kwenye barafu.

"Maji."

"Basi maji. Bia ziko. Wiski iko. Ingia twende."

"Nekoye," Dedan alisema. Alilisema taratibu, kama anayeona hesabu ikikubali. Kisha akaruka chini.

"Dedan, usirudi huko! Huyo msichana alikuacha. Alikuacha, jamaa yangu. Kwani hujui kuachwa?"

Dedan alikuwa tayari amepata bodaboda. Mbuvi alimtazama akipotea, akatikisa kichwa, akawasha gari kuelekea Karatina. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona Mbuvi milimani, na yule mtu wa baa anasema hakuletewa hata chupa moja.

Saa tisa na nusu. Tetu.

Mchungaji alipoondoka, stoo ilifunguliwa na kelele zikaanza. Kahiga alisimama katikati ya bustani, aibu imemjaa usoni. Ben alitukana barafu na waliomzaa aliyeigandisha. Wazee wa upande wa bibi harusi wakaanza kutafuta kofia zao. Hapo ndipo Nekoye alipotokea na mitungi miwili.

"Hizi zilikuwa jikoni," alisema. "Kwani si ni zenu?"

Wazee wakarudisha kofia mahali pake. Pembe ikajazwa. Baba yake Wangui akamkabidhi binti yake, na hema lote likatulia.

"Wangui. Hii njohi, pombe ya wazee, imeletwa na hawa watu. Tunywe, ama tusinywe?"

Wangui alifungua mdomo. Wakati huohuo sauti ikatoka nyuma ya hema.

"Usijibu!"

Dedan alikuwa amesimama kwenye nyasi, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumtazama Kahiga. Hakumtazama Ben. Alikuwa akimtazama Wangui kwa macho ambayo Nekoye alikuwa akiyangoja tangu siku za geti la jela, na ambayo hakuwahi kupewa hata mara moja. Mkono wake ukaenda chini ya shati.

"Ako na bunduki!" Nekoye alipiga kelele.

Makarao watano wenye suti walimrukia kwa pamoja. Bastola iliruka kwenye sinia la kabichi. Walimkanyaga shingo, wakamfunga mikono kwa tai ya mmoja wao, wakamburuta hadi kwenye gari. Alikuwa bado anaita jina la Wangui.

Yule baba alikuwa mzee mkaidi. Alingoja mpaka kelele zikapungua, akauliza tena.

"Kunyweni," Wangui alisema.

Akina mama walipiga vigelegele. Ben alirudi akipanguza nyasi magotini.

"Kufuli haijavunjwa," alisema. "Nani aliwafungulia?"

"Muulize yeye," mwenzake alisema.

"Nimemuuliza. Anauliza tu kama Wangui amejibu."

Nekoye alisimama na trei yake. Alikuwa amengoja Dedan amtaje. Amtaje kwa hasira, kwa matusi, amtie jela, lakini amtaje. Wala Dedan hakuwa amemsitiri. Alikuwa amemsahau.

"Ni mimi," alisema, akaweka trei chini.

Walimkalisha nyuma ya gari, karibu na Dedan, goti kwa goti. Gari lilianza kwenda. Dedan aligeuka, jicho moja limevimba.

"Alisema nini?"

Nekoye angeweza kudanganya. Alimtazama yule mwanamume, akaona hata hapo hakuulizwa yeye, aliulizwa habari za mwingine.

"Alisema kunyweni," alijibu. "Na alisema kwa sauti, mpaka jikoni walisikia."

Dedan aliegemeza kichwa kwenye dirisha akalia njia nzima hadi mjini. Nekoye alikaa pale, goti lake kwenye goti la Dedan, na hakulisogeza.